Pampu ya maji iliyokufa: kubadilisha si kununua kubwa zaidi

KATIKA miji ya Masasi na Newala, mkoani Mtwara, pampu ndogo ya umeme iliyofungwa pembeni ya tangi la ardhini haionekani kuwa kitu cha maana hadi siku inapokufa. Siku hiyo tangi la juu hukauka, bomba la jikoni hutoa hewa tupu, na ndoo hurejea kichwani.

Mara nyingi kinachofuata ni safari ya haraka kwenda dukani kununua pampu nyingine, tena yenye nguvu kuliko ya kwanza, kwa imani kwamba kubwa haiwezi kufa upesi. Baada ya miezi michache nayo huungua. Fedha zimekwisha, na kilichoiua pampu ya kwanza bado kipo palepale.

Makala haya yanaeleza pampu ya kuongeza msukumo ni kitu gani, namna ya kutambua kilichoiua, namna ya kuchagua nyingine inayolingana na kazi, na hatua za kuifunga.

Uwanda usio na mto

Uwanda wa Makonde, ambao Newala iko ukingoni mwake, umeinuka zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Anayesimama Shimo la Mungu, mjini Newala, huona bonde la Mto Ruvuma likiwa mbali chini yake, na ng'ambo ya mto huo ni Msumbiji. Maji yapo huko bondeni, lakini watu wapo juu.

Sababu ni ardhi yenyewe. Uwanda huo umeundwa kwa matabaka ya mchanga yanayonyonya mvua na kuipitisha hadi chini sana. Hivyo juu hakuna mito ya kudumu, na chemchemi hutokea mabondeni na chini ya miteremko. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta wakazi wa uwandani wakiteremka kufuata maji na kupanda nayo tena.

Katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, lilianzishwa shirika la maji la Makonde ili kuyainua maji kwa mashine kutoka mabondeni hadi vijijini. Baada ya uhuru kazi hiyo ilibaki mikononi mwa Serikali. Katika miaka ya 1970 Finland ilifadhili mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, ambao ulikamilika mwaka 1977 na kufuatiwa na miaka mingi ya ujenzi. Mwaka 2022 Makonde ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India.

Masasi iko chini ya uwanda huo, katikati ya vilima vya mawe. Hata huko, maji hayafiki kwenye tangi lililo juu ya nyumba bila kusukumwa. Tofauti ya Masasi na Newala ni urefu wa safari ya maji. Kanuni ni ileile.

Kazi ya pampu ya kuongeza msukumo

Pampu ya kuongeza msukumo haitengenezi maji, wala haiyatafuti. Hupokea maji yaliyokwisha kuifikia, ikayaongezea nguvu ya kwenda mbali au juu zaidi. Ikipokea maji kidogo, haiwezi kutoa mengi. Isipopokea kabisa, hujizungusha yenyewe hadi iungue.

Mfano mzuri ni mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Bwawa huwa na pampu kuu inayozungusha maji kupitia kwenye chujio. Baadhi ya vifaa vinavyotambaa chini ya bwawa kuokota uchafu huhitaji msukumo mkubwa kuliko ule wa pampu kuu, hivyo hufungiwa pampu ya pili, ambayo huchukua maji yaliyokwisha kuchujwa na kuyasukuma kwa nguvu kupitia mpira mwembamba hadi kwenye kifaa hicho.

Pampu hiyo ya pili ina sharti moja kubwa: isiwashwe kabla ya pampu kuu, na izimwe kabla pampu kuu haijazimwa. Kwa kawaida saa ya kuiwasha hupangwa ianze walau nusu saa baada ya pampu kuu. Sharti hilo likivunjwa, pampu huzunguka pasipo maji. Sili yake, ile pete inayozuia maji yasipite kuelekea kwenye mota, hupata joto na kuharibika, kisha maji hupenya hadi kwenye beringi.

Sharti hilohilo linaihusu pampu ya nyumbani Newala, isipokuwa kwamba hapa nafasi ya pampu kuu inachukuliwa na tangi la ardhini. Tangi likikauka, pampu haina tena mtu wa kuilisha.

Kujua kilichoiua

Kabla ya kuinunua nyingine, ni vema pampu iliyokufa ikachunguzwa. Dalili zake husema mengi.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, huenda kapasita yake imekufa au gurudumu la ndani limekwama kwa kutu au mchanga. Fundi hukata umeme, kisha hujaribu kuzungusha feni ya nyuma kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi, kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na bei ya pampu nzima.

Mota ikizunguka vizuri lakini maji hayatoki, tatizo kwa kawaida liko upande wa kuvuta: hewa imeingia katika kiungo kilicholegea, valvu ya kuzuia maji kurudi imekwama, au maji ya tangi yameshuka chini ya mdomo wa bomba. Hapo pampu haina kosa.

Maji yakidondoka kati ya pampu na mota, sili imechakaa. Kelele ya kusaga huonyesha kuwa beringi zimekwisha. Sauti kama ya changarawe ndani ya bati huonyesha kuwa pampu inanyimwa maji upande wa kuvuta, na viputo vya mvuke vinapasuka ndani yake na kulila gurudumu taratibu.

Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache mara nyingi inatumikia uvujaji, iwe ni koki isiyofunga au valvu inayorudisha maji. Nayo ikikata umeme wa nyumba mara tu inapowashwa, au ikitoa harufu ya kuungua, nyaya za ndani ya mota zimegusana au zimelowa.

Kapasita, sili na beringi hubadilishwa, na pampu ikaendelea na kazi. Mota iliyoungua inaweza kusukwa upya na fundi mwenye ujuzi, ingawa kwa pampu ndogo gharama hiyo huweza kukaribia bei ya pampu mpya. Ganda likiwa limepasuka au mhimili umeliwa, kununua nyingine ndiyo njia ya busara.

Jambo la kukumbuka ni kwamba pampu iliyoungua kwa kukosa maji itafuatwa na nyingine itakayoungua kwa kukosa maji. Kisichobadilika ni mazingira yake, na hayo ndiyo ya kurekebishwa kwanza.

Hesabu ya kimo

Kipimo cha kwanza cha pampu ni kimo, yaani urefu wa kwenda juu ambao inaweza kuyasukuma maji. Kila mita 10 za kimo ni sawa na takriban bari moja ya msukumo. Kimo hupimwa kuanzia usawa wa maji yanapokuwa chini kabisa katika tangi la ardhini hadi bomba linapoingilia katika tangi la juu.

Juu ya hapo huongezwa upotevu unaotokana na msuguano ndani ya bomba. Hapa ndipo wengi hukosea. Chukulia nyumba yenye kimo cha mita 12, bomba la mita 30, na haja ya lita 40 kwa dakika. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 hupoteza takriban mita 8 kwa msuguano peke yake, na jumla ya kimo inakuwa mita 20. Bomba la milimita 25 hupoteza chini ya mita 3, na jumla haizidi mita 15.

Maana yake ni kwamba bomba lililo pana kidogo linaweza kufanya kazi ambayo mwenye nyumba alitaka kuinunua kwa pampu kubwa. Bomba haliongezi gharama ya umeme kila mwezi, na halina mota ya kuungua.

Kipimo cha pili kipo kwenye kibao cha pampu. Kibao kikisema kimo cha juu ni mita 35 na kiasi cha juu ni lita 40 kwa dakika, haimaanishi kwamba pampu hiyo hutoa lita 40 kwa dakika kwenye kimo cha mita 35. Kwenye kimo cha mwisho maji hayatoki kabisa. Kiasi cha mwisho nacho hupatikana pale tu ambapo hakuna mlima wa kupanda. Kazi halisi iko katikati, na mchoro wa mtengenezaji huonyesha ni lita ngapi hutoka kwenye kila kimo. Muuzaji akikosa mchoro huo, ni vema mnunuzi akatafuta duka jingine.

Pampu iliyozidi kazi yake nayo ina madhara. Zipo zinazosukuma maji mengi kuliko mota yake inavyoweza kuhimili zinapokosa kizuizi cha kutosha, zikachemka. Hali kadhalika, pampu kubwa humaliza tangi la ardhini upesi, kisha ikabaki ikizunguka bure.

Kipimo cha tatu ni urefu wa kuvuta. Pampu iliyowekwa juu ya tangi huvuta maji kwa msaada wa mgandamizo wa hewa, nao una kikomo: mita 10.3 usawani mwa bahari hata kwa pampu kamilifu. Katika mwinuko wa mita 700 kikomo hicho hupungua kwa karibu mita 0.8. Kwa hiyo Newala huvuta kidogo kuliko Mtwara mjini kwa pampu ileile, na haifai kuitegemea ivute kutoka kina kinachozidi mita 6 hivi. Ikiwezekana, pampu iwekwe chini kiasi cha maji kuifikia yenyewe.

Hatua za kuifunga

Kazi huanza kwa kukata umeme kwenye swichi kuu na kuhakikisha kwa kipimo kwamba waya hazina moto. Baada ya hapo koki za pande zote mbili hufungwa na maji yaliyobaki hutolewa.

Kabla ya kufungua kitu, nyaya ziwekewe alama, na maelezo ya kibao cha zamani yaandikwe: kimo, kiasi cha maji, volti, ampea na upana wa midomo. Iwapo pampu ya zamani ilifungwa bila yunioni, huu ndio wakati wa kuziweka, ili siku nyingine isilazimu kukata bomba.

Pampu mpya hukaa juu ya msingi wa zege ulio sawa, penye kivuli na hewa, pasipofikiwa na maji ya mvua. Bomba la kuvuta lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na lipande taratibu kuelekea kwenye pampu bila kuwa na kilima katikati, kwa kuwa hewa hujikusanya hapo na kuyakatisha maji. Mwisho wake ndani ya tangi uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi pamoja na chujio, na usiguse tope la chini.

Upande wa kutolea uwe na valvu nyingine ya kuzuia maji kurudi na koki. Nati za plastiki zikazwe kwa mkono na kumaliziwa kwa kiasi, kwani ganda la pampu hupasuka kwa kukazwa kupita kiasi.

Kazi ya umeme apewe fundi mwenye leseni. Waya uwe na unene unaolingana na ampea za mota na urefu wa njia, maana waya mwembamba na mrefu hushusha volti, na mota inayopata volti pungufu huvuta ampea nyingi na kupata joto. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na waya wa ardhi si wa hiari pale maji na umeme vinapokutana.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni boya la umeme ndani ya tangi la ardhini, ambalo huzima pampu maji yanaposhuka. Kifaa hicho kidogo ndicho kinachotenganisha pampu ya miaka mingi na pampu ya msimu mmoja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Pampu haiwashwi ikiwa kavu. Hujazwa maji kwa tundu lake la juu hadi hewa yote itoke, kisha tundu hufungwa. Ikishawashwa, maji yatoke ndani ya dakika chache. Yasipotoka, izimwe na ijazwe upya, pasipo kuiacha ikihangaika.

Kwa mota za njia tatu za umeme, zinazotumika hospitalini na shuleni, mzunguko uangaliwe kwa kufuata mshale ulio kwenye ganda. Ikizunguka kinyume, nyaya mbili kati ya tatu hubadilishana nafasi.

Baada ya hapo fundi hupima ampea na kuzilinganisha na kibao. Zikizidi, kuna kosa la kutafutwa siku hiyohiyo. Viungo vyote vikaguliwe tena kesho yake, kwa kuwa uvujaji mwembamba huonekana baada ya saa kadhaa.

Mambo ya kuepukwa

Si sahihi kuifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Pampu hiyo hunyonya maji ya majirani, na palipo na nyufa huvuta uchafu wa ardhini hadi ndani ya bomba linalotumiwa na wote. Maji ya bomba yaingie kwanza kwenye tangi, ndipo pampu ichukue hapo.

Aidha, mashine ya petroli isiteremshwe wala kuwashwa ndani ya kisima au tangi la ardhini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kwa muda mfupi, pamoja na anayeshuka kuokoa.

Mlima haupunguzi bei

Hesabu ya nyumba ndiyo hesabu ya uwanda mzima. Kuinua lita 1,000 za maji kwa kimo cha mita 300 huhitaji angalau uniti 0.82 za umeme, hata kama mashine haipotezi chochote. Pampu na mota zikiwa na ufanisi wa asilimia 50, zinahitajika uniti zaidi ya 1.6. Gurudumu lililoliwa na mchanga au bomba lililoziba huongeza uniti hizo kimyakimya kila siku, na anayezilipa ni mtumiaji wa maji.

Kimo cha mita 300 pia ni msukumo wa bari 30, ilhali mabomba mengi ya plastiki hutengenezwa kuhimili bari 6, 10 au 16. Ndiyo maana njia iliyozoeleka ya kupandisha maji mlima mrefu ni ya ngazi: pampu moja hujaza tangi, nyingine huchukua hapo na kupanda zaidi. Ngazi moja ikisimama, waliopo juu yake wote hukosa maji.

Kwa familia za Masasi na Newala, wakati mgumu ni mwisho wa kiangazi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati yamekwisha, pampu inafanya kazi kupita miezi yote, na fedha za korosho bado hazijaingia, kwa kuwa minada huanza Oktoba. Pampu ikifa Septemba, wengi hukopa.

Kwa sababu hiyo ukaguzi unafaa kufanywa mvua zinapokwisha, Mei au Juni: kusafisha tope la tangi na chujio, kujaribu boya, kutazama kama sili inavuja, kusikiliza beringi na kupima ampea. Kazi hiyo haizidi nusu siku ya fundi, na hufanyika wakati tangi bado lina maji na mwenye nyumba bado ana muda wa kuchagua.